Mwenye Nyumba, Taulo na Mita

Siku nilipokwenda kuiona nyumba ile nilikagua kila kitu isipokuwa vya maana. Nilifungua kabati, nikalifunga, nikatikisa kichwa kama fundi. Niligonga ukuta mara mbili kwa kidole, sijui nilitaka uniambie nini. Nikavuta harufu ya rangi mpya, nikasema moyoni: hapa pametunzwa. Miezi miwili baadaye, ukungu uliokuwa umezikwa chini ya rangi hiyo ulifufuka nyuma ya kitanda changu, ukawa unaishi nami bila kuchangia kodi. Nami siku ya kuhamia sikuwa nimepiga picha hata moja. Nani angeamini kwamba ukungu ndio ulionitangulia, na amana yangu iko mfukoni mwa mwenye nyumba?

Bomba la jikoni nililifungua, maji yakatoka, nikaridhika. Laiti ningefungua na la bafuni wakati uleule! Ningejua mapema kwamba mtu akiosha vyombo, aliye bafuni anabaki na sabuni na imani tu.

Mwenye nyumba, mzee mpole anayeishi ghorofa ya juu, alinipa mkataba wa kurasa 4. Nikatafuta palipoandikwa kodi, nikatafuta pa kutia sahihi, zile kurasa za katikati nikazipapasa kwa heshima.

"Umesoma, kijana?"

"Nimesoma, mzee."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika nyumba ile. Wa pili naujia.

Bili ya umeme ya mwezi wa kwanza ilipokuja nilidhani wamekosea wakaniletea ya kiwanda. Lakini mtu anayeishi peke yake hana wa kumshuku, nikajishuku mwenyewe. Nikalituhumu birika. Nikaituhumu pasi. Halafu nikaanza kuishi gizani. Nilikula gizani, nikavaa gizani, nikafika kazini na shati limegeuzwa ndani nje, mara 2 katika wiki moja. Ugoko wangu ulifahamiana na kila mguu wa meza.

Hesabu nilikuja kuipiga baadaye sana, na iliniuma kuliko ugoko. Uniti moja ya umeme ni wati 1000 zikitumika kwa saa nzima. Taa yangu ni ya wati 9, ingelazimika kuwaka saa 111 ndipo imalize uniti hiyo moja. Birika la wati 2000 likichemsha kwa dakika 3 linakula sehemu ya kumi tu ya uniti. Yaani mwezi mzima niliteseka kama popo nikiokoa makombo. Bili ya pili ilikuja kubwa kuliko ya kwanza.

Nilipomsimulia mfanyakazi mwenzangu alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaniuliza, "Umewahi kuzima swichi kuu ya kwako ukaenda kuitazama mita?"

Usiku huo nikazima. Nyumba ikawa kimya, hata friji likanyamaza. Nikashuka mpaka chini ya ngazi, kwenye kisanduku cha mita. Mita yenyewe ina kijitaa chekundu, na pembeni imeandikwa kwamba kikikonyeza mara 1000 ni uniti moja. Kwa kuwa mimi nilikuwa situmii chochote, kijitaa kilipaswa kulala.

Kikakonyeza.

Nikahesabu kimoyomoyo. Sekunde 24, kikakonyeza tena. Sekunde 24, tena. Kilikuwa kinakonyeza kwa utulivu wa friji la mtu mwingine. Nilikuwa bado natafakari hilo, ghafla kijitaa kikapandwa na wazimu, kikawa kinakonyeza zaidi ya mara moja kwa sekunde kama jicho lililoingiwa na mdudu. Na kutoka juu, dirisha la bafuni, nikasikia mzee akianza kuimba. Hita ya kuogea ya wati 5000! Dakika 12 tu, uniti moja imekwenda. Na mzee wimbo wake hakatishi, anazo beti zote.

Mtu mwenye akili angerekodi video pale pale, akapanda kulala, asubuhi akabisha hodi kwa adabu. Mimi niliona breka moja ndogo kando ya mita, haina maandishi. Nikaishusha.

Wimbo ukakatikia katikati ya ubeti. Ikafuata kelele ya mtu aliyemwagikiwa maji ya baridi akiwa hajajiandaa. Mlango. Ndara kwenye ngazi. Mara mzee huyu hapa, taulo kiunoni, povu kichwani, jicho moja limefumba kwa sabuni, tochi mkononi.

"Kijana, na kwako umekatika?"

Ningeweza kusema kweli. Badala yake nikasema, "Umekatika, mzee. Mtaa mzima."

Mgongoni mwangu mtaa mzima ulikuwa unawaka. Jirani wa mbele alikuwa anatazama televisheni, tena kwa sauti ya juu. Mzee akageuza lile jicho lake zima, akautazama mtaa. Akanitazama mimi. Akakitazama kidole changu, ambacho kwa upumbavu wake kilikuwa bado kiko juu ya breka.

"Imo kwenye mkataba," akasema taratibu. "Si ulisema umesoma?"

Nikakimbia kuuleta. Tukainamia karatasi mimi na yeye, kwa mara yangu ya kwanza. Mkono mmoja wa mzee ulishika tochi, wa pili taulo, na kila alipotaka kunionyesha kifungu ilimbidi achague kati ya mwanga na heshima. Nashukuru alichagua heshima, ingawa kifungu cha 9 nilikisoma nusunusu: mpangaji atalipia umeme wote utakaosomwa kwenye mita.

"Mimi nilidhani umeme wote ni umeme wangu wote," nikasema.

"Ungeuliza mita ni ya nani."

Hapo alinibana, nakiri. Lakini ilipofika zamu yangu nikamwonyesha kwamba hakuna popote palipoandikwa kuwa mita ni yetu sote wawili, wala kwamba hita yake ni mpangaji mwenzangu. Mzee akanyamaza. Povu likadondoka. Nadhani baridi ilinisaidia kuliko hoja, maana alisema, "Lete kalamu."

Tukaandika nyuma ya ukurasa wa mwisho: atafunga mita ndogo kwenye laini yake, na hadi hapo bili tunagawana nusu kwa nusu. Sahihi yake ililowa, lakini inasomeka. Kalamu ikiwa bado mkononi nikajaribu kuingiza na suala la ukungu.

"Washa kwanza," akasema.

Kodi ya mwezi uliofuata aliipunguza, na risiti ninayo. Pale pa maelezo kaandika kwa mkono wake: "Imepungua kwa ajili ya maji yangu ya moto."

Ukungu tungali tunaujadili. Mita ndogo ilishafungwa, ila mzee hataki tena kubahatisha. Kila jioni kabla hajafungua maji hutoa kichwa dirishani, "Kijana, naingia bafuni!"

Nami kokote niliko ndani hujibu, "Mikono iko juu, mzee!"