Kumpeleka Mtu Coventry ni Ukatili

Waingereza wakisema fulani amepelekwa Coventry, ujue wenzake wamekubaliana kutomsemesha. Anasalimu, haitikiwi. Anakaa mezani, wenzake wanahama. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana, kwa hiyo hana hata la kushtaki.

Coventry ni mji wa katikati ya Uingereza, na asili ya msemo wengi huihusisha na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Mwaka 1642 mji huo ulimfungia malango Mfalme Charles wa Kwanza ukasimama na Bunge, na wafuasi wa mfalme waliotekwa wakapelekwa huko. Mfungwa wa aina hiyo angepiga soga na nani?

Kinachoniuma mimi ni yaliyotokea viwandani karne ya 20. Mfanyakazi aliyekataa kugoma aliweza kumaliza miezi bila mwenzake kumsemesha. Hoja ya wagomaji naielewa: anayeendelea na kazi anavunja nguvu ya wenzake, kisha nyongeza ya mshahara ikipatikana anaila pamoja nao. Tena kususa kwenyewe sikupingi. Mwaka 1880, huko Mayo, Ireland, wapangaji waliotishiwa kufukuzwa mashambani walimsusia wakala wa mwenye ardhi, Kapteni Charles Boycott. Akakosa vibarua wa kumvunia, na wenye maduka wakakataa kumuuzia. Hao nawatetea bila kusita, maana aliyekabiliana nao alikuwa na sheria na askari nyuma yake. Mavuno yake yalikuja kulindwa na jeshi. Mfanyakazi mwenzako ana jeshi gani? Ana hoja tu, pengine mbovu, na ukimya wenu unamnyima hata nafasi ya kuitoa.

Kununiana kwa watu wawili hakunitishi. Shangazi mmoja akiingilia kati, yameisha. Hili la kundi zima ni jingine kabisa. Mwenye huruma akithubutu kumsalimu aliyetengwa, kesho naye hasalimiwi, kwa hiyo kila mmoja anamwogopa mwenzake na adhabu inaendelea hata hasira ikiwa imekwisha.

Vyama vya wafanyakazi vina vikao na katiba. Basi aitwe kikaoni, aelezwe kosa lake mbele ya watu, ajibu, na akionekana ana hatia apewe adhabu yenye tarehe ya kuisha.