Chuo kilichozaliwa na faini ya vita

Nyumbani wengi huamini kwamba Wazungu walijenga vyuo vyao kwa mapenzi ya elimu tu. Tunaoishi Toulouse, mji wa kusini mwa Ufaransa, nasi twasikia hadithi hiyohiyo. Mkataba wa amani wa Aprili 1229 wasema vingine: chuo kikuu cha hapa kilianza kama faini.

Tangu 1209, jeshi la Msalaba lililoitishwa na Papa Inosenti III liliwapiga Wakathari wa kusini mwa Ufaransa, Wakristo waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi, pamoja na mabwana waliowahifadhi. Miaka 20 baadaye Raymond VII, bwana wa Toulouse, aliinua mikono. Sharti mojawapo lilikuwa kutoa marki 4,000 za madini ya fedha, kuwalipa walimu 14 kwa miaka 10. Marki ni kipimo cha uzito, na moja ilikaribia robo kilo, basi jumla ni kama tani nzima. Walimu wanne wa theolojia walipangiwa marki 50 kila mmoja kwa mwaka, wawili wa sheria za Kanisa 30, sita wa mantiki na masomo yanayoambatana nayo 20, na wawili wa sarufi 10 tu. Piga hesabu: 400 kwa mwaka, bila salio. Na tazama nani yuko juu. Chuo kiliwekwa kung'oa uzushi.

Mwaka huohuo walimu wa Paris waligoma wakatawanyika. Toulouse ikawaandikia barua ya kuwavuta: huku mkate, divai, nyama na samaki ni bei nafuu, na vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, kuhusu maumbile, vilivyopigwa marufuku Paris, vyasomwa waziwazi. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vimetafsiriwa kutoka Kiarabu kule Toledo, Hispania, mji ulioangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1085. Kichekesho kikavu hicho: chuo cha kung'oa uzushi kikajinadi kwa vitabu vya marufuku vilivyopitia Kiarabu.

Ila aliyeshindwa vitani halipi kwa moyo. Malipo yalisuasua, na John of Garland, mmoja wa walimu wa mwanzo, akaondoka baada ya miaka michache.

Kwetu pwani, darsa zimekaa juu ya sadaka na wakfu: mtu huweka nyumba au shamba la minazi kwa hiari yake, haliuzwi wala halirithiwi, pato lake huenda msikitini na chuoni. Hapo twawazidi, maana mtoaji ametaka. Lakini minazi huzeeka, nyumba huvuja, na msimamizi asiyeandika hesabu haulizwi. Mwalimu naye huambiwa asubiri thawabu. Wale wa 1229 walau waliandika kila mwalimu anadai marki ngapi.