Taa bila paa

Kengele yangu ya ng'ombe bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Mashabiki wa Tampa Bay Rays, timu ya besiboli ya Florida, Marekani, huenda uwanjani na kengele, zile zile za kuvishwa ng'ombe shingoni, na mrushaji wetu akibakiza mrusho mmoja tu kumtoa mpigaji, uwanja mzima unalia kama zizi linalohama. Mimi nimekulia Turiani, Morogoro, naamshwa na ng'ombe wa Wamasai. Siku ya kwanza kupelekwa kutazama besiboli sikuelewa hata nani anashambulia na nani anazuia, ila kengele nilizielewa. Nikawa shabiki.

Jina nalo lilinivuta. Zamani waliitwa Devil Rays, yule samaki bapa mwenye mkia. Mwaka 2008 wakaliondoa lile neno la shetani, wakasema Rays sasa ni mwanga wa jua, lakini samaki wakambakiza kwenye mkono wa jezi. Wenyeji hapa wanabishana mpaka leo timu ni samaki au ni mwanga. Mimi nawatazama tu. Kwetu anayeogelea ni taa na inayowaka ni taa, ubishi wa nini?

Naandika mwishoni mwa Machi 2025. Ijumaa hii, Machi 28, tunafungua msimu na Colorado Rockies, na tunafungulia nyumbani kwa watu. Oktoba 9, 2024 kimbunga Milton kililipasua paa la uwanja wetu, Tropicana Field, mjini St. Petersburg, likabaki vipande vinavyopepea juu ya mabomba kama kanga iliyosahauliwa kambani. Wengi walikuwa wakiucheka uwanja ule: giza, zege, mpira unagonga vyuma vya dari. Niliupenda. Nyuma ya uwanja wa kati kulikuwa na bwawa la taa wa kweli, unaruhusiwa kuingiza mkono uwaguse. Mgongo wake unateleza kama bamia iliyochemka. Sijui bwawa lile litarudi lini.

Msimu huu wa 2025 tunacheza Tampa, kwenye Steinbrenner Field, uwanja wa mazoezi wa Yankees wa New York. Ndiyo, Yankees hao hao tunaogombana nao kwenye kundi moja. Unaingiza watu kama 11,000. Ligi imetupangia mechi nyingi za mwanzo tucheze nyumbani, ili tuikimbie mvua na joto la kiangazi cha Florida, halafu miezi inayobaki tutalala sana hotelini.

Lakini tuzungumzie kikosi.

Rays ni timu ya kuuza wachezaji. Anayeishabikia na hajalikubali hilo atapata vidonda vya tumbo. Mwaka 2008 walifika fainali, World Series, kwa mishahara ya takriban dola milioni 43 huku Yankees wakilipa zaidi ya milioni 200. Wakafika tena 2020. Mechi ya sita dhidi ya Dodgers wa Los Angeles, tunaongoza 1-0, mrushaji wetu Blake Snell ametoa wapigaji tisa kwa mrusho, hawamwoni. Kocha Kevin Cash akamtoa raundi ya sita, akiwa amerusha mara 73 tu, kwa sababu mahesabu yalisema hivyo. Tukalala 3-1, ubingwa ukaenda. Miezi miwili baadaye Snell mwenyewe akauzwa San Diego.

Desemba 2023 tukamuuza mrushaji mwingine, Tyler Glasnow, kwa Dodgers. Novemba 2024 Snell naye akasaini na Dodgers, miaka mitano, dola milioni 182. Kwa hiyo warushaji wetu wakubwa wa 2020 sasa wanakula meza moja, kwa bwana aliyetufunga fainali. Sina kinyongo. Kwa Glasnow tulimpata Ryan Pepiot, kijana, mshahara mdogo, na ndiye anayefungua msimu Ijumaa. Angefungua Shane McClanahan, aliyekosa msimu mzima wa 2024 kwa upasuaji wa kiwiko, lakini Jumamosi, mechi ya mazoezi, alirusha mpira kisha akaondoka uwanjani ameushika mkono wa kushoto. Nilizima televisheni, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Hata bila yeye, kwenye kurusha sina wasiwasi. Pepiot, Drew Rasmussen, Shane Baz, Taj Bradley, Zack Littell: hiyo safu timu tajiri zingeinunua nzima. Tulikuwa nao wa ziada mpaka tukamuuza Jeffrey Springs kwa Athletics, ambao nao mwaka 2025 wamehamia uwanja mdogo kule Sacramento. Maskini kwa maskini tunauziana.

Shida yangu ni gongo la kupigia mpira. Mwaka 2024 tulishinda mechi 80, tukapoteza 82, na timu pekee iliyofunga pointi chache kuliko sisi ilikuwa White Sox, wale waliopoteza mechi 121. Katikati ya msimu, tukiwa bado tunapumua, wakamuuza Randy Arozarena kwenda Seattle na Isaac Paredes kwenda Chicago. Randy! Mtu aliyepiga homurani kumi, mipira inayovuka ukuta, kwenye mchujo wa 2020, rekodi ambayo haijawahi kuguswa. Wenye hesabu zao walisema tusubiri, watoto wanakuja. Nimesubiri. Aliyekuja kwa kweli ni mmoja, Junior Caminero, Mdominika wa miaka 21, na huyo ukimwona anavyolizungusha gongo utadhani mpira umemtukana. Yandy Díaz, bingwa wa wapigaji wa 2023 kwenye American League, ligi yetu, bado yupo. Brandon Lowe akiwa mzima ni hatari, ila kuwa mzima kwake ni kwa msimu. Ha-Seong Kim wamempa dola milioni 29 kwa miaka miwili na bega lake linauguzwa, hatumtarajii mapema. Kwa Rays hizo ni pesa nyingi. Juan Soto pale Mets ya New York, milioni 765 kwa miaka 15, anazipita ndani ya mwaka mmoja.

Hapo ndipo uwanja wa jirani unaponipa matumaini ya ajabu. Steinbrenner umejengwa kwa vipimo vya Yankee Stadium, ukuta wa kulia uko karibu, futi 314 tu pale pembeni. Wapigaji wetu wa mkono wa kushoto, Brandon Lowe, Josh Lowe na Jonathan Aranda, watautamani ukuta ule. Mpira ambao Tropicana ungedakwa, hapa unaingia kwa watu. Kweli, na warushaji wetu wataumia kwa ukuta huo huo, na hewa ya jioni ya Tampa ni nzito ya moto. Bado naona tuna faida, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na njaa ya pointi.

Rafiki yangu wa Turiani huniuliza napata nini kwenye timu isiyonunua. Anauliza mtu wa Mtibwa Sugar! Timu ya kiwanda cha sukari iliyobeba ubingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000, Simba na Yanga wanatazama, na msimu wa 2024/25 ilikuwa Championship, daraja la pili, ikipambana irudi Ligi Kuu. Nilimjibu kwa swali, akakata simu.

Naweka ushindi wa mechi 84, nafasi ya tatu nyuma ya Yankees na Orioles. McClanahan akirudi kabla ya Juni, weka 88. Caminero akiumia, usinipigie. Ijumaa nitakaa upande wa kulia karibu na ule ukuta, kwenye kiti cha Yankees, na kengele nimeshaisugua kutu.