Hita ya mwenye nyumba wetu

Jamani tulivyohamia hii nyumba ya Nyegezi mzee mwenye nyumba alituringishia hita kuliko hata fensi, "bafu lina maji moto hili, mnakaa kama wazungu", kumbe hita yenyewe ya lita 50 imening'inia juu ya mlango wa bafu miaka na miaka na hakuna aliyewahi kuifungua aone tumboni kuna nini. Ukiwasha inanguruma, inagonga gonga, unapata vuguvugu la kunawia uso basi. Sisi tukawa tunaoga hivyo hivyo, Mwanza si Mbeya bwana.

Shida ikaja mama mkwe alipovuka na meli kutoka Ukerewe, magoti yanamsumbua, wife akatangaza mama haguswi na maji ya baridi. Hita nayo ikachagua siku hiyo hiyo kugoma kabisa.

Nikaita fundi. Huyu wa mtaani kwetu anatengeneza friji, redio, feni, nasikia na pikipiki. Hajapanda hata ngazi kashasema "elementi imekufa bosi, chumvi ya maji hiyo," yani ile koili ya ndani inayochemsha maji. Nikamwambia fundi, hayo ya chumvi kawaambie watu wa Dodoma, maji ya ziwa hili hata kwenye birika hayaachi ukoko. Akanuna. Akazima umeme mein swichi (hapo nampa maksi zake), akapima elementi kwa mita ikasoma kama om 35, na elementi ya wati 1500 kwenye volti 230 ndo inatakiwa isome hapo hapo, yani nzima kabisa. Kilichoruka ni kile kikata umeme cha kwenye themostati, kinaruka hita ikipata moto kupita kiasi. Ukikibonyeza kinarudi, ila nini kinaipa moto hivyo? Lazima ifunguliwe.

Akafunga geti valvu ya maji yanayoingia, akafungua bomba la moto, likatiririka kidogo likakata. "Tenki jeupe." Wapi! Bomba la moto linachota juu kabisa ya tenki, maji baridi yakiingia kwa chini ndo yanayasukuma yatoke, sasa ukifunga yanayoingia nani atasukuma? Lita zote zipo zimetulia zinakusikiliza. Nikamwambia mwagia kwenye sefti valvu, ile ya kupunguza presha, inua kimkono. Akainua, halikutoka tone. "Si umeona sasa bosi?" Akashika spana.

Nati ya mwisho ilivyoachia nilisikia "phwaaa" na fundi sikumuona tena. Lilikuja tope rangi ya chai ya maziwa, mchanga wote ulioshuka kutoka simtanki, na mjusi ambaye nadhani alikuwepo kabla yetu. Elementi ilikuwa imezikwa humo, ndo maana ilikuwa inajichemsha yenyewe. Ile fimbo ya magnesiamu inayotakiwa iliwe na kutu badala ya tenki imebaki kawaya tu.

Maji hayo mpaka koridoni, mlango wa chumba cha wageni ukafunguka, mama mkwe huyo, kanga moja na taulo begani. Mimi nikageukia ukuta, yeye akageukia ukuta, mtu na mkwewe tunaongea na rangi ya nyumba. Akasema taratibu, "Baba, na ya baridi vilevile?"

Fundi kalowa chapachapa akafungua ile sefti valvu, tundu lake la kutolea maji limezibwa na gunzi la muhindi, limechongwa kwa ustadi, limekazwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Maji yakipata moto yanatanuka, hiyo valvu lazima idondoshe kidogo ili presha ipungue, sasa ukiiziba unaoga chini ya bomu. Miguu iliniisha nguvu.

Tukafunga valvu mpya, fimbo mpya, tenki likasafishwa, mama akaoga akaimba mapambio.

Kesho yake mzee kapita kukagua, akaona vitone vinadondoka kwenye ndoo, akatikisa kichwa, akanivuta pembeni kwa upole kabisa: "Kijana, bili ya maji hiyo. Sokoni pale mahindi ya kuchoma bado yapo."