Dobi Kigoma: Hela Iende Kwenye Kufua au Kwenye Kukausha?

Mwenye dobi katika mji mdogo akilalamika kwamba faida ni ndogo, ushauri huwa ule ule: achana na mashine za matenki mawili, kopa, leta mashine kubwa ya kisasa. Ushauri huo una ukweli wake, lakini kwa Kigoma naona unaanzia pasipo. Kazi hapa haikwami sana kwenye kufua. Inakwama kwenye kukausha.

Wanaotetea mashine mpya wana hoja nzito. Mashine ya mlango wa mbele hutumia maji machache kuliko ya mlango wa juu, maana nguo hugeuzwa ndani ya maji kidogo badala ya kuelea kwenye tenki zima. Isitoshe, anayetumia matenki mawili hana budi kusimama pale pale, atoe nguo zinazochuruzika maji upande wa kufulia, azipange upande wa kukamulia, afunike, asubiri. Mashine inayojiendesha humwachia mikono akapige pasi. Kwa dobi la watu wawili watatu pale Mwanga au Gungu, hilo si jambo dogo. Tena kuna gesti na hoteli. Mwenye gesti anataka mashuka yatoke asubuhi na jioni yarudi meupe, na mteja wa namna hiyo ndiye anayelipa kodi ya fremu.

Upande wa pili kuna mkopo. Mashine nyingi za viwandani hudai umeme wa fezi tatu, si ule wa kawaida wa nyumbani. Bodi ya kielektroniki ya mashine ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, spea huenda ikasubiriwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na rejesho la benki halisubiri. Maji nayo yana neno lake. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi na pH yake inakaribia 9, yaani yana alkali. Yakichemshwa, madini hujenga ukoko kwenye hita. Ila ziwa hilo hilo linatusaidia: maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, na yakikaa kwenye simtanki juani hupanda zaidi. Nguo za kawaida hazihitaji hita hapa. Hita ibaki kwa mashuka na taulo zenye madoa sugu, basi.

Sasa tuje kwenye kukausha, ambako ndiko hela inakopotelea. Kuanzia Juni hadi Septemba jua la Kigoma linafanya kazi bure, na anayekaushia umeme miezi hiyo anajiumiza. Mvua zikianza kwenye Novemba mambo hugeuka. Nguo zinaanikwa, zinaanuliwa mbichi, zinarudishwa kambani, na shuka lililokaa hivyo siku mbili hutoa uvundo hata kama lilifuliwa vizuri. Hapo mashine kubwa ya kufua haisaidii kitu. Inazidisha tu rundo la nguo mbichi.

Mashine ya kukaushia ya umeme hutumia karibu robo tatu ya uniti, wakati mwingine uniti nzima, kwa kila lita ya maji inayoitoa kwenye nguo. Kwa bei ya TANESCO ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwemo, lita 5 ni kama shilingi 1,300 hadi 1,800 kwa mzigo mmoja. Kukamua kwa mzunguko wa kasi, kwa upande mwingine, ni kazi ya mota kwa dakika chache. Kilo 8 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 kwa dakika hubaki na maji ya karibu nusu ya uzito wake; zikikamuliwa kwa mkono zinaweza kubaki na maji mara mbili ya hayo.

Kwa hiyo ningeanza na mashine ya kati ya mlango wa mbele, ya umeme wa kawaida, yenye kasi kubwa ya kukamua, pamoja na stabilaiza ya kutuliza umeme na sabuni ya mashine isiyo na povu jingi. Hela inayobaki ingejenga banda lenye bati angavu, pembeni wazi, na feni mbili za kusukuma hewa. Banda ni polepole kuliko mashine ya kukaushia, sikatai, na mwenye gesti anayetaka mashuka jioni ile ile halimtoshi. Lakini mashine hiyo ningeinunua baada ya gesti kunipa mashuka masika nzima na kulipa kwa wakati, si kwa ahadi ya mdomo.

Aliye kwenye fremu ya katikati ya mji isiyo na ua hana njia hiyo. Yeye akaushie umeme, na bei ya masika, yenye gharama ya uniti hizo ndani yake, aibandike ukutani mwezi Oktoba ili wateja waijue kabla mvua hazijaanza.