Mate Yako Peke Yake Hayatakufikisha Mayo

Mtu aliyetema mate kwenye kichupa akapima DNA, kitu cha kwanza atakachokuonyesha ni asilimia. Anakuja na simu mkononi, anakufungulia duara lenye rangi: Mwayalandi kwa asilimia kadhaa, Mskoti kidogo, Mnorwe kiduchu. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Boston, alikuwa na duara lake na alilipenda sana. Baadaye kampuni ikasahihisha mahesabu yake, na asubuhi moja akaamka akiwa Mskoti zaidi kuliko alivyolala. Akanipigia simu kuniuliza nani kamwibia Uayalandi wake.

Nikamwambia, "Mama, hilo duara achana nalo. Fungua ile orodha ya majina."

Huo ndio msimamo wangu, na nimegombana na watu kwa ajili yake. Asilimia ni makadirio: kampuni inalinganisha vinasaba vyako na vya kundi la watu iliowachagua yenyewe, na kundi likibadilika nawe unabadilika. Orodha, ile ya watu ambao vinasaba vyao vinalingana na vyako, ni habari nyingine. Kila jina pale ni mtu aliye hai, au aliyekuwa hai alipopima, aliyebeba kipande kilekile cha babu au bibi ulichobeba wewe. Lakini orodha ni bubu. Haisemi babu huyo aliitwa nani wala alizaliwa kijiji gani. Hayo wanayajua wale watu, kila mmoja na nusu yake ya habari, na usipozungumza nao umetupa pesa zako.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Marekani. Kwetu mtoto hukalishwa akatajiwa fulani bin fulani mpaka usingizi umchukue, kwa hiyo nilipofika ukweni nikakuta hawamjui hata baba wa babu yao alitoka kitongoji gani, niliwaona wazembe. Sikujua bado kilichoipata Ayalandi.

Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyokuwa kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts, Dublin, ililipuka ikaungua. Mabaki ya karatasi yalipeperuka juu ya mji. Humo mlikuwa na sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, na karibu zote ziliteketea. Vilevile ziliteketea rejista nyingi za kanisa la Kianglikana, pamoja na wasia na kumbukumbu za mahakama za karne nyingi. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshaharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili zipatikane karatasi. Kwa hiyo sensa kamili ya zamani kabisa unayoweza kuisoma ni ya 1901, ikifuatiwa na ya 1911.

Sasa ongeza njaa kuu. Kuanzia 1845 ugonjwa uliangamiza viazi, na katika miaka michache watu wapata milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wengine walipanda meli. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo vya watu wote mwaka 1864. Yaani kizazi kizima kiliondoka kabla ya mtu yeyote wa serikali kukiandika. Kilichosalia ni rejista za ubatizo na ndoa za Kikatoliki, ambazo zilipona kwa sababu zilikaa kwa mapadri parokiani na si Dublin. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliziweka mtandaoni bure mwaka 2015. Ila upande wa magharibi, ambako njaa iliuma zaidi, parokia nyingi zilichelewa kuanza kuandika, na kurasa nyingine zimeliwa na unyevu hadi huoni kitu.

Kidogo tucheke. Ukikuta mwanamke ana miaka 54 kwenye sensa ya 1901 na miaka 70 kamili mwaka 1911, usidhani karani alikuwa amelewa. Sheria ya 1908 ilileta pensheni kwa waliofikisha miaka 70, na Ayalandi nzima ikazeeka ghafla. Maofisa wakataka ushahidi, na kwa kuwa wazee hao hawakuwa na vyeti, makarani wakawa wanawatafuta utotoni mwao, ndani ya sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado salama. Fomu za utafutaji huo zimebaki. Kuna familia ambazo sensa yao iliungua yote isipokuwa mistari ile iliyonakiliwa kwa sababu bibi fulani alitaka shilingi zake tano za kila wiki.

Nirudi ukweni. Jina lao silitaji, ila ni mojawapo ya yale yaliyojaa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, mfano wa Walsh au Gallagher, na kumtafuta mtu huko kwa jina hilo ni kama kumtafuta Juma Tanga. Cheti cha ndoa cha Boston cha babu wa mama mkwe kinasema amezaliwa "Ireland", basi. Jiwe la kaburi linasema "Mayo". Hapo ndipo familia ilipokwama tangu zamani, na mtaalamu mmoja waliyemlipa aliwarudishia mti mzuri wa ukoo wa mtu mwingine kabisa.

Tulichofanya ni hiki. Tulimchukua binamu mmoja wa mama ambaye tunajua kwa hakika kwamba ni wa upande ule, tukaangalia nani kwenye orodha analingana na wote wawili. Likajitokeza kundi dogo: mmoja Pennsylvania, mmoja Manchester, mmoja Queensland kule Australia. Hawakufahamiana. Niliwaandikia wote. Yule wa Manchester alikuwa na hadithi tu, na nusu yake ilikuwa uongo mtamu kuhusu farasi. Wa Queensland ndiye aliyetufungulia mlango, kwa sababu vyeti vya kifo vya Australia, kinyume na vingi vya Marekani vya wakati ule, mara nyingi hutaja majina ya wazazi wa marehemu na mahali alipozaliwa. Babu yake alikuwa ndugu wa babu wa mama mkwe. Ndugu wawili, mmoja alikwenda magharibi na mwingine mashariki, na jina la parokia likawa limehifadhiwa upande mmoja tu wa dunia.

Kutoka hapo ikawa kazi ya karatasi. Kuna orodha ya makadirio ya ardhi iitwayo Griffith's Valuation, ya kati ya 1847 na 1864, inayotaja aliyeshika kila kishamba. Katika kitongoji kimoja cha parokia ile walikuwapo wanaume watatu wenye jina lilelile la kwanza na la ukoo, na karani akawatofautisha kama majirani walivyowatofautisha: mmoja ameandikwa pembeni "John", yaani mwana wa John, mwingine "Red", yule mwekundu wa nywele, wa tatu hana kitu. Vitabu vya marekebisho vilivyofuata vinaonyesha kila mara jina lilipokatwa na la mrithi kuandikwa juu yake, kwa wino wa rangi tofauti, kizazi baada ya kizazi. Shamba la mwekundu lilishuka hivyo mpaka kwa mzee mmoja aliye hai leo, anafuga ng'ombe palepale.

Huyo mzee hakuwa kwenye orodha yoyote, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Zaidi ya Wamarekani milioni 30 wanajihesabu kuwa na asili ya Ayalandi, na wanapima kwa fujo. Ayalandi yenyewe, kisiwa kizima, ina watu kama milioni 7, pungufu ya zile milioni 8 na ushee waliohesabiwa mwaka 1841. Waliobaki hawana haja ya kupima: wanajua walikotoka, wanalala juu yake. Ndiyo maana orodha imejaa watu wanaouliza na ina wachache wanaoweza kujibu. Kwangu mimi kipimo kimoja cha mkulima wa Mayo kina thamani kuliko ishirini vya Chicago. Na mkulima hapimi kwa sababu umemwandikia barua pepe kutoka Boston. Anapima kwa sababu mtu anayemwamini, anayekutana naye kwenye misa, amekaa naye jikoni akamweleza.

Kwetu sisi mtu huyo alikuwa mama mmoja wa kujitolea pale parokiani. Wapo wengi wa aina yake. Shirika la Ireland Reaching Out lilianza kusini-mashariki mwa Galway kwa wazo la kuligeuza jambo: badala ya kungoja Wamarekani waje kutafuta mizizi, watu wa parokia wenyewe ndio wawafuatilie walioondoka kutoka kwao. Hata ukoo wa Obama upande wa mama, wakati sisi huku tumeshughulika na Kogelo, ulifika Moneygall, katika kaunti ya Offaly, kwa msaada wa padri wa Kianglikana wa pale aliyefungua rejista za kanisa akamtafuta Falmouth Kearney, kijana aliyeondoka mwaka 1850. Mei 2011 rais akaja kunywa bia kijijini. Hakuna mate yaliyohitajika.

Mzee wetu alipima. Yeye na mama mkwe wakatoka na sentimorgani 71, kipimo cha urefu wa vinasaba wanavyoshiriki. Vilembwe wa mtu mmoja hushiriki wastani wa 75 hivi, na vitukuu kama 230, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa. Lakini peke yake isingetosha. Vitongoji vile watu walioana majirani kwa majirani miaka nenda rudi, na 71 ingeweza kuja kwa njia nyingine. Tuliamini kwa sababu na wa Queensland alilingana naye, na vyeti vikakubaliana. Mjue pia kinyume chake: kati ya vilembwe kumi wa mtu mmoja, ukimlinganisha mmoja na wale wa tawi jingine, kwa wastani mmoja hataonyesha undugu wowote kwenye kipimo, na bado ni ndugu wa damu. Ukishuka kizazi kimoja zaidi, karibu nusu hawaonekani. Ndiyo maana huhitaji mtu mmoja, unahitaji matawi.

Wanaonikera ni wale wanaopima, wakaufunga mti wao, kisha wakachota miti ya wenzao usiku. Ujumbe wao naujua: "Habari, sisi ni ndugu, nitumie ulichonacho." Mkono mtupu haulambwi. Ukiandika, sema wewe ni nani, taja majina ya mababu waliokwisha kufa unaowajua, taja kaunti, ambatisha cheti kimoja, na uliza swali moja tu. Wazee hujibu swali moja. Maswali saba huyaweka kando mpaka Pasaka.

Kuhusu kampuni zenyewe sina mapenzi nazo. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za mamilioni ya wateja wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika, huku watu wakikimbilia kufuta data zao. Pakua matokeo yako, yahifadhi mwenyewe, na usiache mti wako kwenye kampuni moja.

Zito zaidi ni siri. Ayalandi ilikuwa na nyumba walikofichwa wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Zaidi ya watoto elfu mbili walipelekwa Marekani kuasiliwa kati ya miaka ya 1940 na ya 1970. Tuam, kaunti ya Galway, mwanahistoria wa pale Catherine Corless alitafuta vyeti vya vifo vya watoto 796 wa nyumba moja ya namna hiyo, asione mahali walipozikwa, na habari hiyo ikaushtua ulimwengu mwaka 2014. Uchimbaji kamili ulianza Julai 2025, na ndugu wa familia wanatoa DNA ili mabaki yaweze kutambuliwa. Tangu Oktoba 2022 waliozaliwa Ayalandi wakaasiliwa wana haki kisheria ya kupewa taarifa za kuzaliwa kwao. Sheria ilikuja nyuma ya kipimo; wengi walikuwa wameshajua.

Mzee wa Mayo naye, miezi michache baada ya kupima kwa hisani yetu, alitokewa na mwanamke wa Marekani mwenye sentimorgani zaidi ya 1,700 naye. Hicho ni kiwango cha mtoto wa ndugu. Ana dada mmoja mkubwa, bado yu hai. Yule mama wa parokia alinipigia kabla ya kumwambia mzee lolote kwa undani, tukakubaliana kwamba sisi wa Boston hatumwandikii mtu, hatuweki jina kwenye mti, hatuulizi. Mzee alikwenda kwa dada yake peke yake. Kilichofuata ni chao.

Tangu hapo simpi mtu kichupa cha mate kabla ya kumweleza: unaweza kupata dada, unaweza kumpoteza baba, na unayempata huenda hakutaki. Shemeji yangu mmoja alinisikiliza akasema hapana, hataki. Dada yake akapima. Nilimkumbusha shemeji kwamba kama nusu ya damu ya dada ni yake pia, kwa hiyo kukataa kwake hakumfichi sana. Akasema analijua hilo, ila matokeo yasiletwe mezani akiwapo.