Mtoto haongei, ila mtihani anafanya

Hapa Houston, Texas, msimu wa mtihani wa jimbo ukifika, hata darasa letu haliachwi. Mimi ni msaidizi kwenye darasa la watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili. Wapo wasioongea, wapo wanaolishwa kwa mpira, na wote wanadaiwa mtihani kuanzia darasa la tatu. Unaitwa STAAR Alternate 2. Mwalimu anakaa na mtoto mmoja tu, anamsomea swali, anampangia picha mezani, na mtoto anajibu kwa njia yoyote aliyonayo: kidole, kishikizo cha kubonyeza, hata macho.

Maswali yenyewe siwaambii, maana tumesaini kiapo cha siri. Ila nitawasimulia kijana wetu wa darasa la tano, anayejibu kwa macho. Kwa kawaida akipatia tunamshangilia mpaka darasa la jirani wanasikia. Siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi hata kutabasamu, kwa sababu tabasamu ni jibu. Basi kijana akaikazia macho picha, akamgeukia mwalimu kusubiri makofi yake. Kimya. Akavimbisha mashavu, akagoma kuangalia picha iliyofuata mpaka baada ya chai. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Mtoto anayenuna kwa kunyimwa sifa anajua vizuri kwamba amejibu.

Msidhani nawasifia Wamarekani kwa kila kitu. Maswali lazima yatokane na mtaala wa darasa la umri wake, hata kama wamelainisha, kwa hiyo mtoto tunayemfundisha kushika kijiko anaulizwa sayansi. Halafu sheria yao ya mwaka 2015 inataka wanaofanya mtihani huu wasizidi asilimia 1 ya wanafunzi wote wa jimbo waliopimwa katika somo. Hapo ndipo wananichosha: fomu juu ya fomu, kikao kinabishana kama ulemavu wa mtoto "umetosha". Walimu wanalalamika, nami nalalamika nao.

Lakini ujue walikotoka. Zamani shule za huku nazo zilikuwa zinawaweka pembeni watoto hawa siku ya mtihani, wastani usishuke. Mwaka 1997 sheria yao ya elimu ya wenye ulemavu ikabadilishwa: wote waingie kwenye upimaji, na asiyeweza mtihani wa kawaida atengenezewe wake kufikia Julai 2000. Leo shule inatakiwa ipime angalau asilimia 95 ya wanafunzi wake, na wenye ulemavu wanahesabiwa kama kundi lao. Ndiyo maana mtoto wetu akikosa siku ya mtihani, simu inapigwa nyumbani kama anadaiwa kodi.

Sasa kwetu Tanzania. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kila mwaka inawataja watahiniwa wa darasa la saba wenye mahitaji maalumu, wenye ulemavu wa akili wakiwemo, na inawaongezea dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Kwa asiyeona, maandishi ya nukta nundu na dakika za ziada ni haki yake, sina neno. Lakini mtoto ambaye kusoma kwenyewe hakujaingia, hata ukimpa siku nzima na karatasi ileile, atafanya nini? Na huyo ndiye mwenye bahati ya kufika chumba cha mtihani.

Mtoto wa mama mdogo wangu amekaa kitengo, yaani darasa la elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, mpaka ndevu zikaota. Nilimuuliza mama mdogo amejifunza nini, akanijibu, "Anaenda, anarudi." Basi. Kijana huyo anajua noti zote, ukimtuma dukani harudi na chenji pungufu, na Mangi mwenyewe hathubutu kumpunja. Hakuna karatasi popote iliyoandikwa hivyo.

Najua mnavyonisubiri. "Dada ametoka juzi, leo anatuona washamba." Mtu anayebadilisha watu wazima nepi kwenye zamu ya pili ili kodi itimie, majivuno atayatoa wapi? "Umesahau darasa la watoto mia?" Sijasahau, mimi mwenyewe nilikaa chini. "Unawadharau walimu wetu." Hata kidogo! Walimu wa elimu maalumu waliosomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kule Arusha, wanawajua watoto wale kuliko mtihani wowote wa Texas. Shida ni kwamba hakuna wa juu anayewauliza. Mwalimu wa kitengo akifundisha asifundishe, ripoti ya shule haibadiliki. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, nikapiga vigelegele, lakini kitengo kilikuwa hakipo kwenye hesabu hata kabla ya hapo.

Na lile la "wenzetu wana hela". Kumkalisha mwalimu na mtoto mmoja ni gharama, nakubali. Ila picha mezani ni karatasi na mkasi, na kumwandikia mzazi kwamba mwanao anahesabu noti ni kalamu. Wakenya wameanza: baraza lao la mitihani, KNEC, lina KILEA, tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu ambao hawapandi madarasa kama wenzao. Au mtaniambia Kenya nayo ni Ulaya?